Ripoti ya picha ya ubongo ninayo mkononi, bingwa nitamwona baada ya wiki tano

SWALI

Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Morogoro, nina miaka 46, nimeolewa na nina watoto watatu. Kwa muda wa miezi saba nimekuwa nikiumwa kichwa upande wa kulia, maumivu ya kuja na kuondoka, hadi daktari wa hapa akanishauri nikapige picha ya MRI Dar es Salaam. Siku ya pili yake mhudumu wa mapokezi alinikabidhi bahasha yenye ripoti na sidii, akaniambia nikampe daktari wangu, na daktari wangu wakati huo alikuwa safarini. Niliifungua bahasha ndani ya treni kabla hatujafika Ruvu, na ninajuta kuifungua, kwa sababu tangu siku hiyo sijapata usingizi wa maana.

Ripoti inasema kuna kinachodhaniwa kuwa meninjioma ya milimita 13 upande wa mbele kulia, iliyo nje ya ubongo wenyewe, na kwamba haijaukandamiza. Inasema pia kuna madoa meupe machache ndani ya ubongo, "yasiyo mahususi". Mwishoni wameandika kwamba majibu yalinganishwe na hali ya mgonjwa na kwamba nionwe na bingwa wa upasuaji wa ubongo. Daktari aliyemshikia mwenzake nafasi ameniandikia rufaa ya kwenda MOI, na miadi yangu ni baada ya wiki tano. Hata hilo lilinitisha: kinachouma ni kichwa, mbona napelekwa taasisi ya mifupa?

Usiku nasoma kwenye simu mpaka saa nane, na kila kichwa kikigonga nahisi uvimbe umekua. Nameza vidonge vya maumivu karibu kila siku ili niweze kusimama darasani. Mume wangu anasema tusimwambie mtu yeyote. Wifi yangu, ambaye aliiona bahasha, anasema nimerogwa na ana mganga wa kunipeleka. Je, hii ni saratani? Je, wiki tano si nyingi? Na nifanyeje nisirukwe na akili kabla ya tarehe hiyo?

Mwalimu M., Morogoro

JIBU

Marahaba, Mwalimu. Naomba nianze na lile ambalo haliwezi kungoja wiki tano wala siku tano. Ukipata degedege au kuzimia, mkono au mguu wa upande mmoja ukilegea, mdomo ukienda upande, maneno yakigoma kutoka, ukianza kuona vitu viwili viwili au macho kufifia, ukatapika mara kwa mara pamoja na kichwa kinachouma zaidi unapoamka, ukasinzia kiasi cha watu kushindwa kukuamsha vizuri, au kichwa kikauma ghafla kwa ukali ambao hujawahi kuujua, basi miadi yako haina kazi tena: nenda hospitali kubwa iliyo karibu, idara ya dharura, saa hiyo hiyo, ukiwa na bahasha yako. Mweleze mume wako orodha hiyo leo, kwa sababu katika dalili nyingi kati ya hizo mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kutambua. Kama hakuna hata moja, tuendelee kuzungumza kwa utulivu.

Kuhusu MOI, hofu yako imetokana na jina tu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ndipo ilipokulia huduma ya upasuaji wa ubongo, uti wa mgongo na mishipa ya fahamu nchini, sambamba na ile ya mifupa, na jina ambalo watu wamelizoea limebaki la mifupa. Umepelekwa panapostahili.

Sasa tuitazame karatasi yenyewe. Ripoti ya MRI huandikwa na daktari bingwa wa radiolojia, ambaye mara nyingi hajakuona wala kukugusa wala kukuuliza kichwa kinauma saa ngapi. Ameziona picha na mistari miwili mitatu ya maelezo aliyoandika daktari wako. Kazi yake ni kutaja kila kisicho cha kawaida, kiwe cha hatari au kiwe kama kovu la chanjo begani, na anamwandikia daktari mwenzake kwa lugha ya kazi. Ndiyo maana akasema "inayodhaniwa", kwa kuwa picha haiwezi kuapa, na ndiyo maana akasema majibu yalinganishwe na hali ya mgonjwa: anakiri kwamba nusu ya jibu unayo wewe, katika mwili wako na historia yako. Kukabidhiwa karatasi ya namna hiyo dirishani bila mtu wa kukaa nawe dakika kumi ni kasoro, na si kosa lako kuifungua. Ningekuwa mimi ningeifungua hata kabla ya kupanda treni.

Meninjioma ni uvimbe unaoota kwenye tando zinazoufunika ubongo, katikati ya fuvu na ubongo. Ndiyo maana ripoti ikasema "nje ya ubongo", na maneno hayo ni habari njema kuliko ulivyoyasoma. Kwa sehemu kubwa, takriban nane katika kila kumi, uvimbe wa aina hii ni wa daraja la kwanza, maana yake si saratani: haupenyi kwenye nyama ya ubongo kwa vurugu wala hausambai mwilini. Zilizobaki huwa na tabia mbaya zaidi, na chache sana ndizo kali kweli, kwa hiyo sitakuambia kutoka huku kwamba yako ni salama, maana sijaziona picha zako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba wanawake huupata mara mbili hivi zaidi ya wanaume, na kwamba watu wengi wanao bila kujua. Katika mji wa Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwapiga MRI watu 2,000 wenye umri wa wastani wa miaka 63 ambao hawakuletwa na ugonjwa wowote wa kichwa, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha meninjioma kwa asilimia 0.9 yao. Watu hao walikuwa wakilima bustani zao na kulea wajukuu.

Ukubwa wa milimita 13 ni kama punje ya njugu mawe. Meninjioma ndogo za namna hiyo, zile zinazokua, mara nyingi huongezeka milimita 1 au 2 kwa mwaka, na nyingine hukaa miaka bila kusogea. Wewe ni mwalimu, piga hesabu: wiki tano ni kama sehemu ya kumi ya mwaka, kwa hiyo mwendo huo ungeongeza milimita 0.1 au 0.2, kiasi ambacho hata mashine yenyewe haiwezi kukipima kwa uhakika. Kichwa kinachogonga saa nane usiku hakikuletei habari za uvimbe kukua. Tena, huenda uvimbe huo hauhusiki kabisa na maumivu yako. Ulimtafuta mwizi, ukamkuta mpangaji ambaye pengine amekaa humo miaka mingi bila kelele. Bingwa atakuwa na njia tatu mbele yake: kuufuatilia kwa kurudia picha baada ya miezi kadhaa na kisha kila mwaka, kuuondoa kwa upasuaji, au kuutibu kwa mionzi, na kwa uvimbe mdogo usiokandamiza kitu, njia ya kwanza ndiyo huchaguliwa mara nyingi. Usishtuke akikuambia "tutausubiri", ukadhani amekutelekeza.

Madoa meupe nayo ni jambo linaloonekana sana kadiri umri unavyosogea, na huwa mengi zaidi kwa wenye presha, kisukari, uvutaji wa sigara au kipandauso. "Yasiyo mahususi" maana yake ni kwamba hayana sura ya ugonjwa fulani unaoweza kutajwa. Hapo una kazi unayoweza kuianza kesho, nayo ni kupima presha. Kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa dakika tano bila kuzungumza, miguu yote miwili ikiwa sakafuni, mkono ukiwa juu ya meza usawa wa moyo, upime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa wiki moja, uandike kila namba hata isiyokupendeza. Presha iliyopimwa mara moja dirishani kwenye duka la dawa, baada ya kukimbilia bodaboda, haimsaidii bingwa.

Jambo lililonistua katika barua yako kuliko milimita 13 ni vile vidonge. Mtu mwenye maumivu ya kichwa ya mara kwa mara akimeza parasetamoli au ibuprofeni siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikapita, au vidonge vyenye mchanganyiko wa kafeini au kodeini siku 10 au zaidi, dawa yenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa, na kila inapoisha mwilini kichwa hudai nyingine. Isitoshe, diklofenaki na ibuprofeni huweza kupandisha presha na kuumiza figo na tumbo. Mwendee daktari wa hapo kwa ajili ya hili peke yake, mpange namna ya kupunguza, na umuulize waziwazi kama maumivu yako yana sura ya kipandauso, maana kipandauso kina dawa zake. Na mtu akikuletea dawa ya "kupunguza uvimbe wa ubongo" aliyopewa ndugu yake, kama deksamethasoni, usiiguse bila daktari.

Kuna swali ambalo hukuliuliza, nami nalileta kwa kuwa linawagusa wanawake wengi wa Afrika Mashariki. Je, umewahi kutumia sindano ya uzazi wa mpango, ile ya kila miezi 3? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa Machi 2024 katika jarida la kitabibu la BMJ uliwalinganisha wanawake zaidi ya 18,000 waliopasuliwa meninjioma na wengine zaidi ya 90,000, ukaonyesha kwamba kutumia sindano hiyo, yenye homoni iitwayo medroksiprojesteroni, kwa mwaka mzima au zaidi kuliambatana na uwezekano wa mara 5.6 wa kufikia upasuaji huo. Watumiaji wa sindano hiyo ndani ya utafiti walikuwa wachache sana, na mara tano ya jambo adimu bado ni jambo adimu, kwa hiyo sisemi wanawake waiogope. Lakini kwako wewe, ambaye tayari unadhaniwa kuwa na meninjioma, ni habari ambayo bingwa lazima aipate: ulianza lini, ulichoma kwa miaka mingapi, ulichoma mara ya mwisho lini. Kama bado unaitumia, nenda kwa mtoa huduma wa uzazi wa mpango kabla ya tarehe ya sindano inayofuata, mzungumzie njia isiyo ya homoni, kama vile kitanzi cha madini ya shaba, badala ya kuacha kimya kimya ukajikuta mjamzito.

Wiki tano, basi, kwa hali uliyoieleza, si hatari, ingawa najua ni ndefu. Unaweza kuzifupisha. Daktari wako akirudi, mwombe asome ripoti pamoja nawe na, akiona inafaa, apige simu ya daktari kwa daktari au aandike upya rufaa akieleza uharaka. Piga simu kliniki, uliza kama wana orodha ya kuwaita watu nafasi ya mtu mwingine inapoachwa wazi, maana wewe unaweza kufika Dar es Salaam asubuhi kwa treni. Kama unatumia bima, uliza sasa hivi kama kibali kinahitajika, usije ukasikia habari hiyo ukiwa umeshafika dirishani.

Halafu ile sidii. Bingwa hatatosheka na karatasi. Atataka kuziangalia picha mwenyewe, kipande kwa kipande. Nimeshuhudia mgonjwa aliyesafiri usiku kucha akaja na ripoti iliyowekewa plastiki vizuri, na sidii ameiacha kabatini. Mwingine alikuja nayo ikiwa imepasuka kwa kukaliwa kwenye basi. Ijaribu kwenye kompyuta ya shule au ya rafiki uone kama inafunguka, na kama haifunguki, rudi kituoni wakutengenezee nyingine. Kama uliwahi kupiga picha yoyote ya kichwa zamani, hata ya miaka kumi iliyopita, itafute kwa kila hali: bingwa akiona uvimbe ulikuwapo tangu wakati huo kwa ukubwa ule ule, utakuwa umepata jibu ambalo hakuna mashine mpya inayoweza kukupa.

Chukua pia daftari moja la mistari, unayo mengi. Kila siku kichwa kikiuma andika saa kilipoanza, upande, ukali wake kati ya 0 na 10, ulikula nini, ulilala saa ngapi, umemeza nini. Kurasa za nyuma andika maswali. Swali likija saa nane usiku, liandike, ufunge daftari, na simu ikae chumba kingine, kwa sababu mtandao hauwaonyeshi watu wenye meninjioma ya milimita 13 wanaoendelea kusahihisha madaftari; hao hawana cha kusimulia. Wako waliosaidika kwa kuitengea hofu muda wake, nusu saa jioni baada ya chakula: hapo unakaa nayo, unaisema, unalia kama kilio kipo, na ikirudi saa nyingine unaiambia zamu yake bado. Linasikika kama mchezo, lakini ni njia inayotumiwa na wanasaikolojia. Wiki mbili zikipita huli, hulali, au ukianza kuwaza kwamba heri ufe, hilo ni la hospitali kama yalivyo maumivu ya kichwa.

Kwa mume wako nina neno. Siri ya watu wawili ni mzigo mzito, na yeye pia anaubeba bila pa kuutua. Mchagueni mtu mmoja wa tatu, mtulivu, asiyependa kusimulia, ambaye pia atasafiri nanyi siku ya miadi na kuandika anachosema bingwa, maana mgonjwa husikia sentensi ya kwanza tu. Mwalimu mkuu anatosha kujua kwamba una miadi Muhimbili. Watoto wakubwa wameshakuona ukilia; waambie kichwa kinakuuma na madaktari wanatafuta sababu, kwa kuwa ndivyo ilivyo.

Na wifi usigombane naye. Anaogopa kama wewe, na dua ya mtu anayekupenda haijawahi kumdhuru mgonjwa. Ila usimeze wala kunusa dawa ambayo aliyeitengeneza hawezi kukuambia imo nini, na kama umeshameza, iandike kwenye daftari kwa jina lolote unalolijua. Bingwa akisoma hapo hatakucheka.

SWALI

Daktari, baba yetu ana miaka 74. Mwezi uliopita aliteleza bafuni, akapigwa picha ya CT ya kichwa. Ripoti inasema hakuna damu, ila ubongo umesinyaa kiasi na kuna alama ya kiharusi kidogo cha zamani. Bingwa huja hospitali ya hapa mara moja kwa mwezi. Sisi watoto tumekubaliana kumficha kwa kuwa ana presha, tunamwambia picha ni safi, lakini kila siku anauliza. Je, tunakosea?

Mtoto wa tatu, Tanga

JIBU

Ndugu yangu, mnakosea, ingawa mmekosea kwa mapenzi. Mzee anayeuliza kila siku ameshajibiwa na nyuso zenu, na mnalomficha ni dogo kuliko analoliwaza usiku. Ubongo kusinyaa kiasi katika umri wa miaka 74 ni kama mvi. Hakumaanishi peke yake kwamba amepata ugonjwa wa kusahau. Alama ya kiharusi kidogo cha kimya nayo si ngeni: katika ule ule utafiti wa Rotterdam ilionekana kwa asilimia 7.2 ya watu. Ila inadai presha yake isimamiwe kweli kweli, na mtu hawezi kusimamia presha kwa bidii huku akiambiwa kichwa chake ni safi.

Jambo ambalo ningetaka ndugu wote mlijue ni lingine. Picha isiyo na damu siku ya kuanguka haizuii damu kuvilia polepole baadaye, kwa wiki kadhaa, kati ya fuvu na ubongo, na wazee wako hatarini zaidi kwa sababu ubongo uliosinyaa huacha nafasi na kuivuta mishipa midogo inayopita hapo. Akianza kusinzia mchana kuliko kawaida yake, akichanganya maneno au majina leo na kesho akawa mzima, akiburuta mguu mmoja, au kichwa kikimuuma kila siku, msimngoje bingwa wa mwezi. Mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha tena. Kama anatumia asprini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, msiisimamishe wala msimwanzishie wenyewe. Mwulizeni daktari wa zamu.

Kumwambia si lazima kuwe hotuba. Mmoja wenu, yule anayemzoea, akae naye barazani asubuhi presha ikiwa imeshapimwa na dawa imeshamezwa, amwambie: "Baba, picha haikuonyesha damu. Imeonyesha mambo mawili ya zamani. Ungependa nikueleze mimi, au tumngoje daktari?" Mwacheni achague kiasi anachotaka kujua, kwa kuwa kichwa ni chake. Na siku ya kliniki aingie yeye kwanza, ninyi mkimfuata nyuma na bahasha na mfuko wa dawa zake zote.